Barabara za Mawe za Mwanza

Msafiri aingiaye Mwanza kwa njia ya ziwa hulakiwa na mawe kabla hajalakiwa na watu. Karibu na ufuo yamesimama majabali yaliyobebana, ambayo wakoloni waliyaita Jiwe la Bismarck kwa heshima ya Chansela wa Ujerumani, mtu ambaye hakupata kutia mguu katika Afrika. Nyuma yake vyainuka vilima vya Isamilo, Bugando na Igogo, na juu ya vilima hivyo nyumba za wananchi zimejipenyeza kati ya jabali na jabali, nyingine zikiwa zimeegemea mwamba kama mtoto aliyeegemea mgongo wa mama yake. Hakuna mji mwingine mkubwa katika nchi yetu ambao watu wake wanaishi na mawe kwa ukaribu kama huu.

Katika insha hii nakusudia kueleza habari za njia za mji huo, hasa zile barabara za mawe zinazopanda vilima vyake. Katika miji mingi ya dunia, barabara ya mawe ni kumbukumbu ya zamani. Wazee huizungumzia wakikumbuka magurudumu ya mikokoteni na kwato za farasi, na mawe yenyewe aghalabu yamekwisha kufukiwa chini ya lami. Mwanza mambo yamekwenda kinyume. Hapa lami ilitangulia bondeni, na barabara za mawe zikaja baadaye mlimani. Kwa nini ikawa hivyo? Mikono ya nani iliyapanga mawe hayo? Na sisi tunaojifunza utamaduni wa taifa tuna wajibu gani juu yake? Hayo ndiyo maswali yanayostahili kufikiriwa na mwalimu pamoja na wanafunzi wake.

Kwanza yafaa tulijue jiwe lenyewe. Majabali ya Mwanza ni ya aina ya jiwe gumu liitwalo itale, na umri wake ni zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Jua na mvua vimeyapasua na kuyachonga kwa muda usiohesabika, udongo uliokuwa kati yake ukachukuliwa na maji, yakabaki yamepangana juu kwa juu kama mafiga ya majitu. Watu wa pwani za ziwa hili walijua kuyatumia tangu kale. Walisagia nafaka juu yake na kunolea zana za chuma. Katika kisiwa cha Ukara, ambacho kina watu wengi na ardhi kidogo, Wakara walijenga kuta za mawe ili kuzuia udongo wa mashamba yao usichukuliwe na mvua, wakafuga ng'ombe ndani na kuitumia mbolea yao kuirutubisha ardhi ile ile mwaka baada ya mwaka. Upande wa pili wa ziwa, katika Kenya, zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, nazo zingali zimesimama baada ya mamia ya miaka. Mnamo 2018 ziliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ufundi wa kupanga jiwe juu ya jiwe uliletwa katika nchi za ziwa na mgeni.

Hata hivyo, njia za kale hazikuwa za mawe. Zilikuwa njia za miguu, nyembamba, zilizokanyagwa na watu waliofuatana mmoja nyuma ya mwingine. Kwa njia za namna hiyo Wanyamwezi na Wasukuma walichukua pembe, chumvi na majembe ya chuma, wakashuka hadi pwani na kurudi. Kwa njia hizo hizo John Speke alifika katika ufuo huu. Mnamo tarehe 3 Agosti 1858, akiwa juu ya kilima karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza leo, alilitazama ziwa akalipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa wakiliita nyanza, yaani maji makubwa, na hata jina la Mwanza lenyewe linahusishwa na neno hilo. Speke hakufika peke yake. Alikuwa na wapagazi, na alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Wayao, aliyekuwa mkalimani na msimamizi wa safari. Vivyo hivyo, Stanley alipofika Kageyi, mashariki ya Mwanza, mnamo Februari 1875, mashua yake iliyoitwa Lady Alice ilikuwa imekatwa vipande na kuchukuliwa na wapagazi kutoka pwani. Vitabu vimeyahifadhi majina ya waliochukuliwa mizigo. Majina ya waliochukua, isipokuwa wachache, yamepotea. Mwanafunzi na alishike jambo hili, kwa maana tutalikuta tena tutakapofika kwenye barabara za mawe.

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza katika miaka ya 1890. Utawala wao ulitaka njia pana, ambazo askari na mizigo ingeweza kupita kwa haraka. Neno tulitumialo leo, barabara, lina maana mbili katika lugha yetu: njia kuu, na tena jambo lililo sawasawa, lisilo na kasoro. Lakini namna njia hizo zilivyopatikana haikuwa barabara hata kidogo. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897 na kuanza kutekelezwa mwaka uliofuata, na asiyekuwa na fedha aliweza kutakiwa kuilipa kwa kazi. Hivyo mtu aliacha shamba lake wakati wa palizi, akaenda kung'oa visiki na kupasua mawe kwa faida asiyoijua. Waingereza waliuteka mji huo mwezi Julai 1916. Bendera ilibadilika, lakini kodi na kazi za lazima ziliendelea. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukumani ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam bila kuvuka ziwa mpaka Kisumu.

Mji uliokua kutokana na bandari, reli na pamba uligawanywa kama ilivyogawanywa miji mingine ya Tanganyika. Palikuwa na uzunguni, uhindini na uswahilini. Rasi ya Capri Point, yenye upepo wa ziwa, ilikuwa sehemu ya Wazungu. Maduka na maghala yalijaa katika uwanda mdogo ulio kati ya vilima na maji. Huko ndiko barabara zilikopimwa, zikanyooshwa na hatimaye kupakwa lami. Mwafrika aliyekuja mjini kutafuta kibarua alijitafutia pa kulala mahali ambapo mpimaji ardhi hakujali kufika.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo ni lazima litajwe, kwani bila ya hilo hatutaelewa maana ya kazi ya mikono katika nchi ya Wasukuma. Baada ya mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Wakulima waliamriwa kulima matuta ya kuzuia maji, kupunguza mifugo na kufuata kanuni nyingi nyingine, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Baadhi ya kanuni hizo zilikuwa na manufaa kwa udongo. Lakini wananchi walizikataa, kwa sababu hawakuulizwa. Chama cha TANU kilipigwa marufuku Usukumani toka mwaka 1954 hadi 1958, na mwaka 1958 maandamano makubwa ya Geita na Mwanza yaliilazimisha serikali kulegeza kamba.

Sasa tulinganishe hayo na desturi za watu wale wale. Wasukuma walikuwa na umoja wa vijana wa kulima kwa zamu, ulioitwa elika, na kiongozi wake aliitwa nsumba ntale. Vijana hao walikwenda shamba la huyu leo na la yule kesho, majembe yakipanda na kushuka kwa mapigo ya ngoma, na jioni mwenye shamba akawakirimu kwa chakula. Ngoma ya bugobogobo, ambayo wanafunzi wengi wameiona ikichezwa kwa majembe, ilizaliwa katika kazi hiyo. Basi mtu aliyejificha asikamatwe kwenda kulima matuta ya serikali ndiye yule yule aliyeamka alfajiri kwenda kulima shamba la jirani akiimba. Uvivu haukuwa hoja. Hoja ilikuwa nani ameamua kazi ifanywe, na nani atakula matunda yake.

Baada ya Uhuru, majina ya barabara za mjini yalianza kutamka historia mpya. Mwanza ina mitaa iliyopewa majina ya Nkrumah, Lumumba na Rwagasore, wawili hawa wa mwisho wakiwa viongozi wa nchi jirani waliouawa mwaka 1961. Mji ukavuta watu kutoka mikoa yote ya ziwa. Katika hesabu ya mwaka 1967 mji wa Mwanza ulikuwa na watu wapatao 35,000 tu. Katika sensa ya mwaka 2022 wilaya za Nyamagana na Ilemela, ambazo ndizo zinazofanya jiji hilo, zilikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Uwanda wa chini haukuongezeka hata hatua moja. Watu wakapanda milimani: Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugarika na kwingineko. Walijenga palipopatikana nafasi kati ya majabali, na njia zao zikawa tena zile za miguu, kama siku za misafara.

Methali yasema aliye juu mngoje chini. Kwa mkazi wa vilima vya Mwanza methali hii haina fumbo. Kila alichohitaji kilikuwa chini: maji, soko, shule, zahanati. Mama alipanda na ndoo kichwani, mguu mmoja juu ya jiwe na mwingine ukitafuta pa kukanyaga. Mgonjwa alishushwa mgongoni mwa nduguye au kwa machela, na jeneza lilichukuliwa na watu waliobadilishana mabega kila hatua chache. Mvua ilipopiga, maji yalishuka kwa nguvu, yakageuza vijia kuwa makorongo, yakachukua taka na mchanga hadi mto Mirongo, na kutoka hapo ziwani. Palipowekwa kifusi cha moramu, masika moja yalitosha kukishusha chote bondeni.

Lami nayo haikuwa jibu rahisi. Kazi ya lami huhitaji mitambo mizito, na mitambo hiyo haiwezi kujipenyeza kati ya nyumba na mwamba katika mteremko mkali. Isitoshe, lami yenyewe ni zao la mafuta ya petroli, ambayo nchi yetu huyanunua ng'ambo kwa fedha za kigeni. Wakati huo huo, pembeni mwa kila mlango pa vilima hivyo palikuwa na jiwe, bure, gumu kuliko lami yoyote. Ndipo katika karne hii ya ishirini na moja jiji likaanza kutengeneza barabara za mawe katika miteremko hiyo, na tangu 2017 barabara za namna hiyo, kama barabara nyingine za mitaa nchini, zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kwanza njia huchongwa kwa sururu na mtaimbo, ikapewa upana na mwinamo wa kuyapeleka maji pembeni. Kisha hushindiliwa vizuri, kwa maana barabara ya mawe huharibika chini kabla haijaharibika juu. Mawe hupasuliwa kwa nyundo nzito na kuchongwa kwa tindo mpaka yapate uso mmoja ulio sawa. Fundi huyapanga kwa mkono, jiwe moja moja, uso mpana ukitazama juu na upande mwembamba ukizama chini, na kila jiwe likibanwa na jirani zake. Mianya hujazwa vipande vidogo na saruji. Kingoni huwekwa mawe makubwa ya kuzuia mengine yasiteleze, na pembeni hujengwa mtaro wa mawe, kwa kuwa maji yasipopewa njia yao yatajitafutia. Barabara ikikamilika huwa na mikwaruzo inayoshika mguu na gurudumu hata wakati wa mvua. Pikipiki hupanda, na gari la wagonjwa hufika mahali ambapo zamani palifika machela.

Tukitazama nje tutaona kwamba wenzetu nao wamepitia mambo ya kufanana na haya, kila mmoja kwa namna yake. Warumi walianza kujenga njia yao ya Appia mwaka 312 kabla ya Kristo, na sehemu za mawe yake zingali zikionekana. Mjini Paris, mwezi Mei 1968, wanafunzi walioipinga serikali waling'oa mawe ya barabarani wakajengea vizuizi na kuwatupia polisi. Baadaye wakuu wa mji wakazipaka lami barabara nyingi za mtaa ule ili jiwe lisipatikane tena. Huko, basi, jiwe lilizikwa kwa kuogopwa. Ethiopia imefanya kinyume. Tangu miaka ya 2000 miji yake mingi imetengeneza barabara za mawe yaliyochongwa kwa mkono, na vikundi vya vijana vikapata ajira na ufundi. Karibu zaidi na kwetu, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilihifadhi vichochoro vyembamba vilivyofuata mwendo wa miguu, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika urithi wa dunia.

Hapana shaka kuna atakayeuliza: je, barabara ya mawe si kurudi nyuma? Je, watu wa bondeni wapate lami, na wa mlimani waridhike na mawe? Swali hili ni la haki, wala lisijibiwe kwa wimbo wa sifa. Kama mawe yatawekwa kwa sababu tu wakazi wa vilima ni maskini, na yakawekwa ovyo, bila mtaro wala msingi, basi ule mgawanyo wa uzunguni na uswahilini utakuwa umerudi kwa mlango wa nyuma. Lakini yakiwekwa kwa ufundi, kwa shauri la wakazi, na kwa ujira unaostahili, barabara hiyo itakuwa ya kisasa kuliko nyingine nyingi, kwa kuwa imeitazama ardhi yake ikatumia kilichopo.

Na hapo lazima tuwakumbuke wanaopasua mawe. Kwa miaka mingi, kando ya barabara za Mwanza, wanawake kwa wanaume wameketi wakiponda kokoto kwa nyundo, watoto wao wakicheza karibu. Wengine huwasha moto juu ya mwamba ili jiwe lipate joto na kupasuka, kisha hulimalizia kwa nguvu za mikono. Jiji zima limejengwa juu ya migongo yao, kwani hakuna msingi wa nyumba wala zege la ghorofa lisilokuwa na kokoto. Kazi hiyo ina gharama isiyoandikwa katika bei ya ndoo. Vipande huruka vikajeruhi macho, na vumbi la itale likivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu. Kusifu barabara bila kutaja mapafu ya mpasuaji ni kufanya kama wale walioandika jina la msafiri wakaliacha jina la mpagazi. Anayetaka barabara za mawe ziwe fahari ya mji na adai kwanza kinga ya macho na pua kwa wafanyakazi, malipo ya haki, na mafunzo yatakayomtoa mtu katika kuponda kokoto na kumfanya fundi wa kuchonga na kupanga.

Barabara hizi zina hatari nyingine, nayo ni kutotunzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiwe moja likilegea na lisirudishwe, jirani yake hupoteza mshikizo, na baada ya masika mawili shimo huwa korongo. Mara nyingine njia huchimbwa kupitisha bomba, kisha mawe hurudishwa kwa haraka na mtu asiyejua kuyapanga, au hulundikwa kando na udongo ukamwagwa juu. Mwenye kuona hivyo hudhani kuwa jiwe limeshindwa, kumbe aliyeshindwa ni mtunzaji. Vilima vilivyo na vijana waliowahi kushiriki katika ujenzi vina hazina kubwa kwa jambo hili, maana aliyepanga jiwe kwa mkono wake hulitambua likicheza.

Mwisho, nina ombi kwa walimu na wanafunzi wa shule zilizo katika vilima na pwani za ziwa. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 1981, aliandika kwa Kikerewe maisha ya kila siku ya watu wake, kilimo chao, ndoa zao na uvuvi wao, na baada ya miongo kadhaa kazi yake ikachapishwa kwa Kiswahili. Hakuandika habari za watawala peke yao. Mfano wake watufaa. Mwanafunzi achukue daftari, apande njia ya mtaa wake, na kumwuliza bibi au babu: njia hii ilikuwaje ulipohamia hapa? Nani aliichonga? Mvua kubwa ilipokuja mlifanya nini? Ni akina nani waliopanga mawe haya, na walilipwaje? Majina yaandikwe, na kwa idhini yao, yahifadhiwe shuleni. Wapagazi waliopita chini ya vilima hivi mwaka 1858 hatuwezi tena kuwauliza. Mafundi waliopanga mawe ya Igogo na Mabatini, wengi wao wangali wanapanda njia hizo hizo kila jioni wakirudi nyumbani.